Nani kakwambia mama alale chali baada ya ganzi ya mgongo?

Mkuu, simama hapohapo. Umeuliza sindano namba ngapi, dripu itangulie au iende pamoja na ganzi, na kama ni kweli siku hizi mama wa upasuaji wa kujifungua haegeshwi tena kushoto. Najibu hilo la mwisho, maana limenichoma.

Huyo aliyekwambia "utafiti umeshaifuta kabari", yaani kile kitu cha kumwinulia mama nyonga ya kulia ili aegemee kushoto, kakupa nusu ya habari. Nusu hiyohiyo nililishwa mimi, hapahapa mkoani Tanga, na mpasuaji mmoja asiyetaka meza iiname, ati inamharibia kazi. Mkubwa kasema, mimi nani? Nikaichomoa kanga niliyokuwa nimeikunja chini ya nyonga ya kulia. Ganzi ikapanda. Mama akapiga miayo, midomo ikapauka, "Dokta, naona kiza," halafu matapishi. Efedrini, dawa ya kupandisha presha, iko kabatini, ufunguo anao sista, sista yuko wodini! Mtoto akatoka legelege, kimya, akapumuliwa kwa ambu, kile kipumulio cha kubonyeza kwa mkono, mpaka akalia. Aliyetangulia kulia hakuwa yeye, ila hayo tuyaache.

Mimba kubwa ukiilaza chali inaukalia mshipa unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni. Siku zote mwili hujitetea kwa kukaza mishipa mingine, lakini ganzi ya mgongo imeshailegeza. Na mfuko wa uzazi, mimba ikitimia, hupitisha kama mililita 500 hadi 700 za damu kwa dakika, wala hauna uwezo wa kujirekebishia: presha ya mama ikianguka, mtoto anapunjwa palepale. Tena usiiamini sana presha ya mkononi. Mshipa unaoshusha damu nao ukikandamizwa, mkono utasoma vizuri huku damu ya mtoto ni haba.

Utafiti wanaoutambia ni wa Marekani, 2017. Kina mama wale walikuwa wazima, upasuaji wa kupanga, wanapewa dripu na kutiririshiwa fenilefrini, dawa ya kukaza mishipa, ili presha isiteremke. Wewe unayo fenilefrini? Pampu ya kuitiririsha je? Yule mpasuaji wangu alisoma kichwa cha habari akaenda kunywa chai, mimi ndiye niliyebaki na mama.

Kabari yenyewe iwe kabari. Picha za MRI za 2015 zilionyesha kwamba mama akiinamishwa kushoto digrii 15 ule mshipa unaorudisha damu bado umebanwa, kwenye 30 ndiyo unaanza kufunguka. Kwa hiyo shuka moja jembamba ni urembo tu, na jicho linadanganya, utadhani umeinamisha sana kumbe wapi. Presha ikigoma, pamoja na dawa, msaidizi ausukume mfuko kushoto kwa mikono miwili.

Weka kabari nyonga ya kulia kabla mama hajamaliza kulala, na isitoke mpaka mtoto atoke. Mpasuaji akinuna, nuna na wewe. Mambo ya sindano watakujibu wengine.