Maswali na majibu ya gofu: siku ya mazoezi na siku ya kucheza

Kila jioni napiga mipira mia moja, lakini Jumamosi nikiingia uwanjani mikwaju haipungui. Ninakosea wapi? (Msomaji, Nyegezi)

Swali hili hunifikia mara kwa mara, na kila muulizaji husahau kutaja mipira hiyo anaipiga kwa fimbo gani. Bila shaka ni ile ndefu ya kuanzia, kwa sababu ndiyo inayowafanya wapita njia wasimame kutazama. Katika raundi ya mashimo 18 fimbo hiyo hutumika mara 14 hivi kwa wingi wake, ilhali ile ya kusukumia mpira shimoni hutumika mara 30 na zaidi kwa wengi wetu wa ridhaa. Nusu ya muda wako, basi, itumie ndani ya mita 50 kutoka shimoni.

Aidha, acha kurudia mkwaju uleule mara ishirini mfululizo. Tangu jaribio la Shea na Morgan la mwaka 1979, watafiti wa stadi za mwili wameonyesha kwamba anayechanganya mazoezi huonekana dhaifu siku hiyo, lakini baadaye huhifadhi zaidi alichojifunza. Badilisha fimbo na shabaha kila mpira. Mipira 40 ya namna hiyo inatosha. Jumamosi ikifika, mambo ya viwiko na mabega yaache nyumbani, kwa maana siku ya kucheza si siku ya kujirekebisha, na wenzako hawakuja kuhudhuria somo lako.

Nikikosea katika mchezo wa kirafiki, je, naweza kupiga mpira wa pili kama zoezi? (Msomaji, Ilemela)

Katika mashindano ya kuhesabu mikwaju, kupiga mpira wa mazoezi huku shimo likiendelea kuchezwa kunakugharimu adhabu ya mikwaju miwili. Katika mchezo wa kirafiki waombe wenzako, na kama kuna kundi linalosubiri nyuma yenu usithubutu. Nawakumbusha pia wale wanaozunguka vichakani wakitafuta mpira kana kwamba wamepoteza pete ya ndoa: tangu mwaka 2019 muda wa kutafuta ni dakika tatu, si tano.

Hata fimbo tano sijazimudu. Fimbo mpya zitanisaidia? (Msomaji, Mwanza mjini)

Hapana. Sheria inakuruhusu kubeba fimbo 14, nawe kwa maelezo yako hujazimudu tano.

Tangu nilipopata hendikapu, yaani namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji, kila raundi imekuwa mtihani na furaha imekwisha. Nifanyeje? (Dada msomaji, Bukoba)

Pole, dada yangu. Mfumo wa dunia wa hendikapu ulioanza mwaka 2020 huchukua matokeo 8 bora kati ya 20 ya mwisho, kwa hiyo raundi moja mbaya haikuharibii jina. Cheza mara nyingi zaidi kwa alama za Stableford, yaani kukusanya alama kwa kila shimo badala ya kujumlisha mikwaju yote, ambako shimo lililokushinda linakupa sifuri tu, unaokota mpira na kusonga mbele. Mara moja moja cheza bila kuhesabu chochote. Mshirikishe kedi wako pia: baadhi ya makedi wanacheza vizuri kuliko wanaowabebea mifuko, na ni aibu kumwona mtu akipuuza ushauri wao kisha akasitasita kuwalipa.

Ni saa ngapi inafaa kufanya mazoezi huku ziwani? (Msomaji, Musoma)

Asubuhi, kabla nchi kavu haijapata joto kuliko maji na upepo haujaanza kuvuma kutoka ziwani. Hata hivyo, usicheze asubuhi peke yake, kwa kuwa upepo wa alasiri nao unahitaji kuzoewa. Ukisikia ngurumo, ondoka. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi, na sheria inakuruhusu kusimamisha mchezo mwenyewe bila kungoja kamati. Kujikinga chini ya mti uliosimama peke yake ni kujitafutia kifo.

Hatuna uwanja karibu. Naweza kufanyia mazoezi kwenye uwanja wa soka wa mtaani? (Msomaji, Igoma)

Usifanye hivyo. Mpira wa gofu una uzito wa karibu gramu 46, ni mgumu, na watoto wanapita hapo kwenda shuleni. Nyumbani weka kikombe sakafuni na ujizoeze kusukuma mpira. Ndiyo mikwaju unayoihitaji zaidi.