Kila matriksi inapanda, mbona kundi zima linagoma?

SWALI: Ndugu wahariri, ninashughulika na SL₂(F_p), yaani matriksi za 2×2 zenye ditaminanti 1 kwa baki za namba tasa p. Nataka kuzipandisha hadi namba kamili za p-adiki, Z_p (kila moja hujulikana kwa baki zake za p, p², p³ na kuendelea), bila kuharibu kuzidisha: zao la matriksi za juu liwe lile la zao la chini. Lema ya Hensel (kanuni ya kupandisha suluhisho la baki za p hadi Z_p) inanipatia matriksi ya juu kwa kila moja ya chini, ila nikizidisha mbili, zao halilingani na lile nililochagua. Nimekosea wapi?

JIBU: Hesabu yako ni sahihi. Hensel hushughulikia matriksi moja moja. Mambo ya kuzidisha hayamhusu. Usianze na Z_p yote. Jaribu ngazi ya kwanza tu, kutoka baki za p hadi baki za p². Ukikwama hapo, huko juu hufiki.

Matriksi za ulalo (zenye sifuri nje ya mshazari) hazisumbui; unapandisha namba za mshazari tu. Kwa p = 5, chukua 2, ipandishe kwa kipeo cha 5: 32, baki 7 kwa 25. Na 7⁴ = 2401 = 96×25 + 1, kwa hiyo 7 inarudi kwenye 1 baada ya hatua nne, kama 2 ilivyofanya chini. Kundi dogo lolote (seti ya matriksi iliyojifunga kwa kuzidisha na kugeuza) ambalo idadi ya memba wake haigawanyiki kwa p hupanda hivyohivyo hadi Z_p.

Mkorofi ni u = [1 1; 0 1] (nukta-mkato inatenganisha safu), ambaye u^p = I, matriksi ya utambulisho. Kila anayemwakilisha juu ni g = I + A, ambapo A = N + pB na N = [0 1; 0 0]. Kwa kuwa N² = 0, A² na A³ zinagawanyika kwa p, na A⁴ ni sifuri kwa baki za p². Sasa panua (I + A)^p. Kama p ni 5 au zaidi, migawo (namba zinazozidisha) ya A² na A³ nayo inagawanyika kwa p, hivyo vyote viwili vinafutika. Kinachobaki ni g^p = I + pN, ambayo si I, hata uchague B ipi.

Kwa p = 3 mgawo wa A³ ni 1, kwa hiyo A³ haifutiki, na inaweza kuimeza 3N. Mfano: g = [-2 1; -3 1]. Kwa baki za 3 ni u yuleyule; g² = [1 -1; 3 -2], na g³ = I kwa namba kamili za kawaida kabisa! SL₂(F₃) nzima hupanda hadi Z₃.

Je, kupanua Z_p kunasaidia? Kwa u peke yake, ndiyo: ongeza ζ, kipeuo cha p cha 1 (ζ^p = 1, ila ζ si 1), kisha tumia [ζ 1; 0 ζ⁻¹]. Kwa p = 5, kuongeza √5 kunatosha kupandisha memba wote 120. Kuanzia p = 7 sahau: uwakilishi (kuliandika kundi kwa matriksi bila kuharibu kuzidisha) mdogo kabisa usio duni, yaani usiofanya kila memba kuwa I, wa kundi hili kwa namba changamano una ukubwa (p−1)/2, yaani 3 au zaidi, na wewe una nafasi ya 2 tu.

Ukikutana na kundi jingine, pima kwanza kundi dogo la Sylow la p, yaani kundi dogo kubwa kabisa ambalo idadi ya memba wake ni p iliyozidishwa kwa yenyewe tu. Likipanda ngazi ya p², teoremu ya Gaschütz inakuhakikishia kundi zima kwa ngazi hiyo. Ya p³ utaipima upya.