Barua kwa mwanangu anayekwenda Kochi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Unguja. Sote wazima, ila goti la shangazi yako linamnyima usingizi, na nimefurahi kwamba umekubali kumpeleka akatibiwe Kochi, katika jimbo la Kerala, India, kule kule tulikompeleka baba yako akapasuliwa kifua. Katika ujumbe wako umeniuliza: "Mama, yule dereva wa bajaji mlimwamini vipi, mtu hata lugha yake hamuijui, mpaka mkawa mnampa pesa akawanunulie dawa? Na mimi nitampata wapi wa namna hiyo?" Ukaongeza kwamba unafikiria kukodi pikipiki ili usimtegemee mtu. Nakujibu kwa kirefu, maana ukiuguza ugenini utaonana na dereva mara nyingi kuliko utakavyoonana na daktari.

Kwanza ujue hatukumwamini mara moja, wala madereva wote wa kule si kama yeye. Ernakulam, upande wa bara wa Kochi zilipo hospitali nyingi, bajaji ni nyeusi zenye paa la njano, dereva kavaa shati la kaki, na mita ya kuhesabu nauli ipo. Kiwango ilichopandisha serikali ya Kerala mwaka 2022 kilikuwa rupia 30 kwa kilomita moja na nusu ya mwanzo, na kuanzia saa nne usiku nauli huongezeka kwa nusu. Lakini ukitoka getini na bahasha ya eksirei mkononi, umeshajulikana kuwa ni mgeni na una shida, na wengi hawataigusa hiyo mita, watakutajia bei. Huko Kozhikode, mji mwingine wa Kerala ulio mbali kaskazini, madereva wamejijengea jina kwa kwenda na mita bila kuombwa na kurudisha chenji yote, na watu wa Kerala wanawasifu kwa hilo. Ernakulam patana kabla hujaketi. Ukikuta bei haikuingii akilini, shukuru uende kwa mwingine, usigombane. Kama una intaneti kwenye simu, ita Uber. Bajaji zimo humo pia, na makadirio ya bei unayaona kabla.

Fort Kochi, ule mji wa zamani kule baharini, utakutana na jingine. Dereva atakuambia atakuzungusha saa nzima kwa pesa kidogo sana. Ile pesa kidogo anaifidia madukani: kila mgeni anayemfikisha kwenye duka la mazulia, vinyago au mafuta ya kujichua, dereva hupewa chake, hata kama mgeni hakununua kitu. Sisi alitupata mmoja, akatupeleka duka la kwanza, la pili, na baba yako kifua bado kimefungwa bandeji. Sikumchukia, maana petroli na gesi ni ghali na watalii ni wa msimu. Lakini mtu anayeona bandeji na bado akakuteremsha duka la tatu, huyo usimrudie.

Sasa yule wetu. Karibu na geti la hospitali palikuwa na kituo cha bajaji, wenyewe wamejipanga foleni, na desturi yao ni kwamba abiria humchukua aliye mbele. Nilikuwa na karatasi ya dawa ambayo duka la hospitali halikuwa nayo. Nikamwonesha wa mbele, tayari nimeshapanda. Akaisoma, akazima injini, akashuka, akaninyooshea kidole ng'ambo ya barabara, nyuma ya kituo cha basi: duka lile pale. Nikatoa noti nimpe kwa usumbufu, akakataa kwa mkono. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Mtu aliyesubiri kwenye foleni muda wote ule, zamu yake imefika, kisha akaiacha nauli kwa sababu safari yenyewe haikuhitajika, nilitaka kumjua.

Kesho yake nikamtafuta. Alikuwa katikati ya foleni, hakuniitikia mpaka alipowauliza wenzake wa mbele, nao wakampungia mkono apite. Hilo pia nililipenda. Nawe fanya hivyo, usimvute dereva wako kutoka nyuma mbele ya wenzake, utamletea maneno.

Umesema hatukujua lugha yake. Kimalayalam hatukujua, kweli. Lakini baba yako alipomsikia anazungumza na simu akachanganya neno la Kiarabu, akamuuliza kwa Kiarabu ametokea wapi. Kumbe alifanya kazi Muscat, Oman, miaka mingi, dereva wa nyumbani. Hilo si ajabu kule. Tangu mafuta yalipoanza kuleta neema katika Ghuba, vijana wa Kerala wamekuwa wakienda kwa maelfu, Dubai, Doha, Riyadh, Muscat, na nyumba nyingi utakazoziona zimejengwa kwa pesa hizo. Sasa sikiliza: bibi mzee wa ile nyumba aliyoitumikia alikuwa amezaliwa Unguja, na Kiswahili chake hakukiacha. Basi yule dereva akanigeukia mimi niliyekaa nyuma, akasema, "Mama, chai tayari?" Ndicho alichokuwa akiambiwa kila alasiri. Baba yako, ambaye tangu operesheni alikuwa hajibu hata salamu vizuri, alicheka mpaka nikamshika kifua nikiogopa nyuzi. Toka siku hiyo wakawa wanazungumza njia nzima, habari za Ruwi na Seeb huko Muscat, nani anauza halua nzuri, na mimi nikapata nafasi ya kupumua.

Sisemi lugha ndiyo iliyotufanya tumwamini. Wapo wengi wanaozungumza vizuri na mkono mrefu. Pesa za dawa nilianza kumpa kidogo kidogo, siku ambazo siwezi kumwacha mgonjwa peke yake. Anarudi na risiti, chenji kaikunja ndani ya risiti ile ile, sarafu zote zimo. Sikumwomba risiti, alileta mwenyewe. Nikaongeza kiasi, ikawa vile vile. Ijumaa alimpeleka baba yako msikitini, na yeye ni Mkristo, katika bajaji yake amebandika picha ya Mtakatifu Gevarghese, yaani Mtakatifu George, juu ya farasi, na kioo cha mbele kimeandikwa majina ya binti zake wawili. Akamshika mkono hadi kwenye ngazi, akamtafutia kiti, akangoja nje mpaka watu watoke. Kerala Wahindu, Waislamu na Wakristo wamechanganyikana mtaa kwa mtaa, na jambo hilo kwake lilikuwa la kawaida.

Iliyonimalizia shaka ni siku ya hartal. Utaisikia. Chama au jumuiya inatangaza mgomo, na tangu alfajiri maduka yanafungwa, mabasi hayatoki, bajaji zinaogopa kupigwa mawe. Sisi siku hiyo baba yako alikuwa na miadi ya kutolewa nyuzi. Magari ya wagonjwa, ya maziwa na ya magazeti kwa desturi huachwa yapite. Yeye alikuja saa moja asubuhi, amebandika kwenye kioo karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu kwamba anapeleka mgonjwa, akatupitisha vichochoroni. Nikataka kumlipa mara mbili. Akachukua nauli ya siku zote na kikombe cha chai.

Kwa hiyo wewe ukifika, tulia kwanza. Uwanja wa ndege upo Nedumbassery, mbali na mji, na ndani kuna kaunta ya teksi ya kulipia kabla. Lipia pale, kile kikaratasi usimpe dereva mpaka mmefika. Halafu chagua kituo kimoja cha bajaji karibu na mnapolala, uwe unapanda hapo hapo. Muite dereva "chetta", kama unavyomwita kaka yako mkubwa. Ukitaka aende taratibu mwambie "pathukke", na neno hili utalihitaji sana, maana goti la shangazi likishapasuliwa halitaki mashimo. Tena siku ya kumtoa hospitali usimpandishe bajaji, chukua teksi akae mbele na kiti kisogezwe nyuma, mguu unyooke.

Wakati wa kungoja ukubaliane naye mapema. Kungoja saa mbili nje ya kliniki ni saa mbili bila abiria, na wengi wana mkopo wa bajaji au wanapeleka hesabu kwa mwenye chombo kila jioni. Usimkamue kwa rupia kumi. Nimewaona wenzetu wanabishana hadi mishipa inawatoka kwa pesa isiyofika bei ya andazi, huku wametumia mamilioni kufika pale. Iliniumiza.

Beba noti ndogondogo. Kule hata muuza chai ana kile kibao cha kuskani kwa simu, wenyeji wote wanalipia hapo, na mgeni asiye na akaunti ya benki ya kule mara nyingi hubaki na pesa taslimu mkononi. Noti ya 500 asubuhi inawapa shida kuirudishia chenji.

Chakula hakitakupa taabu. Kuna kappa na mchuzi wa samaki, yaani muhogo wetu wa kuchemsha, na mchuzi mwekundu wenye ukwaju wa kule, mkali. Kuna chapati za matabaka wanazoita porotta, kuna wali na nazi kila mahali. Hotelini utawekewa maji ya moto yenye rangi ya waridi, usiyakatae ukidhani ni machafu: wamechemshia vipande vya mti, na ndiyo salama kwa shangazi kuliko ya bomba. Wakinywa kwenye chupa wanamimina kutoka juu bila kugusa mdomo. Na ukimuuliza mtu jambo akatikisa kichwa huku na huku kama anayekataa, mara nyingi amekubali.

Siku ukipata nafasi, mwache shangazi amelala, vuka kwa boti kwenda Fort Kochi. Tangu Aprili 2024 zinafika huko boti za umeme za Water Metro, na vile vivuko vya zamani bado ni rahisi mno. Pale ufukweni utaziona nyavu za Kichina, mti mkubwa umefungwa mawe ya kuuinulia, wanaume wanne watano wanavuta kamba pamoja. Lipo na kanisa la Mtakatifu Fransisko, alipozikwa kwanza Vasco da Gama, yule baharia Mreno, mwaka 1524 kabla mifupa haijahamishiwa Ureno. Ndiye yule aliyechukua rubani Malindi mwaka 1498 akavushwa hadi pwani hii. Kabla yake wazee wetu wa majahazi walikwenda na kurudi kwa pepo za msimu, na wengi majina yao hayakuandikwa.

Mvua ya kusi inaingia Kerala mwanzoni mwa Juni. Kama daktari ana tarehe nyingine, omba nyingine. Dereva wetu alitusimulia mafuriko ya Agosti 2018: uwanja wa ndege ulifungwa karibu wiki mbili, maji yaliingia kwake mpaka kifuani, na waliowatoa ni wavuvi waliopakia mashua zao kwenye malori wakaja nazo kutoka pwani, wengine bila kuombwa na mtu. Alipokuwa akisimulia alisimamisha bajaji kando, akatuonesha ukutani mstari wa tope maji yalipofikia. Ulikuwa juu ya kichwa changu.

Na hilo la pikipiki, mwanangu, hapana. Najua wanaendesha kushoto kama sisi na leseni unayo. Lakini mabasi ya watu binafsi mjini yanakimbizana kugombea abiria, yanakata mbele yako bila huruma, na honi kule ndiyo lugha ya barabarani, kila mmoja anampigia mwenzake kumwambia nipo hapa. Utaijua lugha hiyo baada ya miezi, si wiki ya kwanza. Leseni ya huku peke yake pia haitoshi, watakutaka na kibali cha kimataifa. Ukianguka, shangazi atabaki wodini na nani?

Namba ya yule dereva anayo baba yako, na bado wanatumiana salamu za Idi na Krismasi. Atampigia kesho amuulize kama bado yupo barabarani. Nijulishe tarehe mliyopewa hospitali kabla hujakata tiketi, na uniambie kama shangazi amekubali kupunguza mizigo.

Wako,
Mama