Ndege akiruka picha inatoka na ukungu: urekebishe nini
Kasi ya shata kwanza, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga kupitisha mwanga. Ndege anayeruka anataka 1/2000 ya sekunde au zaidi. Aliyetulia tawini, 1/500 kwa kawaida inatosha. Tundu la lenzi f/5.6 hadi f/8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iachie kamera ijipangie. Usiogope ISO 3200: chengachenga, yaani vidoadoa vinavyotokea ISO ikiwa juu, hupunguzwa baadaye kwenye kompyuta, lakini ncha za mabawa zilizofutika kwa mwendo hazirudi kamwe. Angalia sana ndege mweupe kama yangeyange mbele ya kichaka chenye giza. Kamera hupima lile giza, ikazidisha mwanga, na manyoya ya kifua yakageuka doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Hapo punguza mwanga hatua 1 (−1 kwenye mpangilio wa +/− wa kamera). Ndege mweusi angani, kinyume chake: ongeza 1.