Kabla ya Kumvamia Jirani Mapema Mchezoni

Katika michezo ya mkakati ya kompyuta, shambulio la mapema husifiwa sana na wanaojifunza kwa kutazama video za mabingwa, na sifa hizo si za bure, kwa kuwa wachezaji wawili wanapokabiliana peke yao, kila hasara ya mmoja ni faida ya mwingine. Mambo hubadilika wachezaji wanapokuwa wanne au sita, kila mtu akijipigania, kama tunavyocheza sisi wikendi katika chumba cha kukodisha kompyuta karibu na Moi Avenue jijini Nairobi. Hapo wawili wakiumizana mapema, anayenufaika ni wa tatu ambaye hakurusha hata mshale mmoja. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na nimekuwa kunguru mara za kutosha kuipenda nafasi hiyo.

Tuchukue Age of Empires II, mchezo tunaoucheza zaidi. Katika toleo la awali la 1999, askari wa kwanza wa miguu hugharimu chakula 60 na dhahabu 20, mwanakijiji hugharimu chakula 50, na kuvuka kutoka enzi ya kwanza hadi ya pili huhitaji chakula 500. Anayeunda askari watatu ili amsumbue jirani ametumia chakula 180, ambacho ni zaidi ya theluthi ya kile ambacho kingemvusha, au wanakijiji watatu ambao wangemchumia hadi mwisho wa mchezo. Hiyo ni gharama inayohesabika. Iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya macho: kituo cha mji hutoa mwanakijiji mmoja kila baada ya sekunde 25, na mshambuliaji anayewakimbiza wakata miti upande wa pili wa ramani husahau kuagiza wengine, huku waliomaliza kuchuma matunda nyumbani wakisimama bila kazi. Anayeshambuliwa, kwa upande wake, hupiga kengele tu, wanakijiji hadi 15 wakaingia ndani ya kituo, na mishale ikaanza kuruka.

Katika StarCraft ya 1998, mchezo mwingine wa mkakati, bei ni kali zaidi kwa anayechezea Zerg, mojawapo ya jamii ambazo mchezaji huchagua, kwa sababu mfanyakazi anayejenga hugeuka kuwa jengo lenyewe, na mchezo huanza na wafanyakazi wanne tu.

Hata hivyo, hatari ninayoiogopa kuliko zote haimo katika hesabu yoyote. Mchezaji uliyemlemaza mapema bila kummaliza hana tena cha kulinda, kwa hiyo hatafuti ushindi bali anakutafuta wewe. Niliwahi kumwona mmoja, kijana mpole kabisa nje ya mchezo, akijenga soko kwa mbao zake za mwisho ili amtumie jirani wa tatu dhahabu yote aliyobakiwa nayo, akikubali soko limkate ada ya asilimia 30, mradi tu aliyemvamia asishinde. Wengine waliokuwa wakitazama nao wakajenga kuta upande ule ule. Katika kundi la watu wanaofahamiana, kumbukumbu hiyo huvuka hadi mchezo unaofuata.

Sisemi usishambulie kamwe. Mtume mpelelezi wako kwanza, na usipige hatua nyingine kabla ya kujua jirani amejizungushia kuta au la, na dhahabu yake iko umbali gani kutoka kituo chake. Jiulize pia nani mwingine amepakana naye, maana huyo ndiye atakayeokota mabaki. Kama mnacheza kwenye intaneti kupitia seva iliyoko Ulaya, kumbuka kwamba amri zako kutoka Nairobi huchelewa kidogo, na uvamizi wa askari watatu hutegemea wepesi huo huo unaoukosa.

Ukishaamua, weka kikomo kabla askari hawajatoka kambini: wasipomwua mwanakijiji hata mmoja kabla kengele haijalia, wageuze mara moja. Waweke kwenye mgodi wako wa dhahabu, ambako watakufaa zaidi siku jirani mwingine atakapojaribu jambo lile lile.