Anza Chini ya Karatasi

Ndugu yangu uliyetoka kula kiapo cha uraia hapa Houston, hongera sana. Nina machache ya kukwambia kuhusu kura ya kaunti. Nimeipiga tangu 2018, na mara tatu nimekaa upande wa pili wa meza kama karani wa kituo. Wengi wetu tukisikia uchaguzi wa Marekani tunawaza rais tu. Kumbe anayeamua kama utatolewa kwenye nyumba uliyopanga hayuko Washington. Yuko mtaani kwako, na jina lake limo karibu na mwisho wa karatasi ya kura, pale ambapo watu huwa wameshachoka kusoma.

Kwanza neno kwa wewe ambaye bado una grini kadi. Tafadhali usijiandikishe kupiga kura, hata mtu akikushikia fomu mlangoni mwa duka kwa tabasamu zuri. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na jibu la "ndiyo" linaweza kukufukuzisha nchini. Namjua ndugu mmoja aliyetia saini bila kuelewa anachosaini. Alihangaika na wakili muda mrefu, usingizi hapati, kwa saini ya nusu dakika. Ukishaapa, ndipo ujaze fomu ya karatasi, uisaini, uiwasilishe angalau siku 30 kabla ya uchaguzi.

Mkenya akisikia "kaunti" anawaza gavana na wawakilishi wa wadi. Texas ina kaunti 254 na hakuna hata moja yenye gavana wake. Kiongozi anaitwa jaji wa kaunti, lakini katika kaunti kubwa kama Harris, kaunti yetu ya Houston, hasikilizi kesi. Anaongoza kikao chake na makamishna wanne, kinachoitwa mahakama ingawa hakihukumu mtu. Hao watano ndio wanaopitisha bajeti, kiwango cha kodi ya nyumba cha kaunti, fedha za hospitali ya umma, na kazi ya mifereji ya kuzuia mafuriko. Aliyekuwa hapa kimbunga Harvey kilipopita 2017 hahitaji kuelezwa umuhimu wa mfereji. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2018, wapiga kura wa Harris waliidhinisha mkopo wa dola bilioni 2.5 kwa kazi hiyo. Novemba ya mwaka huohuo, Lina Hidalgo, mzaliwa wa Colombia mwenye miaka 27, alimshinda jaji wa kaunti aliyekaa kitini tangu 2007 kwa kura kama 19,000 katika kura zaidi ya milioni moja. Hapo ndipo nilipoacha kusema kura ya mhamiaji haina uzito.

Sasa tushuke chini ya karatasi. Utakutana na sherifu, mwendesha mashtaka, makarani wa kaunti, mkusanya kodi, na majaji makumi kwa makumi. Sherifu ndiye mwenye jela ya kaunti, na wengi waliomo humo hawajahukumiwa, wanangoja kesi. Lakini mimi ningekuomba umtazame sana hakimu wa mtaa, yule wanayemwita "justice of the peace". Harris imegawanywa katika maeneo manane, kila moja lina mahakimu wawili wa aina hiyo na konstebo mmoja, na wote wanachaguliwa. Sheria ya Texas haimlazimishi hakimu huyu kuwa mwanasheria. Mbele yake ndiko zinakopelekwa kesi za kufukuzwa nyumba na madai ya hadi dola 20,000: mwenye nyumba aliyekunyima amana yako, fundi gari aliyekula hela yako. Konstebo ndiye anayekuletea hati mlangoni. Wapo hakimu anayempa mpangaji nafasi ya kusema na hakimu anayemaliza kesi kabla hujapata mkalimani. Nenda siku moja ukae nyuma ya chumba chake umsikilize, kwa sababu kesi zinasikilizwa hadharani na hakuna atakayekuuliza umefuata nini.

Viti vingi vya namna hii huamuliwa Machi, kwenye kura ya mchujo, siyo Novemba. Texas hujiandikishi kwa chama. Unafika mezani, unasema unataka karatasi ya chama gani, basi. Kama hakuna aliyepita nusu ya kura, wawili wa juu wanarudiana Mei, na hapo huwezi kuhamia chama kingine. Mei watu ni wachache mno. Nimekaa kituoni saa nzima nikihesabu waliopita kwa vidole.

Jiandae nyumbani. Chukua karatasi ya mfano kwenye tovuti ya kaunti, uanze kuisoma kutoka mwisho kwenda juu, uandike chaguo lako kwa kalamu. Simu hairuhusiwi ndani, lakini karatasi uliyoandika unaingia nayo. Zamani palikuwa na kitufe kimoja cha kuchagua chama chote, kikaondolewa kuanzia 2020, kwa hiyo kila nafasi ujaze mwenyewe. Harris ina karatasi za Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina, Kiswahili hakuna. Una haki ya kuja na mtu wa kukusaidia, mwanao au jirani, ila asiwe mwajiri wako wala mtu wa chama chako cha wafanyakazi.

Na majina yetu! Alikuja mama mmoja wa Kikongo na cheti chake cha uraia ndani ya mfuko wa plastiki. Kinakubalika, kina picha. Nikaandika jina la ukoo, halimo. Nikajaribu tarehe ya kuzaliwa: 1 Januari, tarehe waliyoandikiwa wengi waliopitia kambi za wakimbizi, ikaleta orodha ndefu. Mama akaanza kukunja mfuko wake aondoke. Nikamwambia, "Mama, subiri kidogo." Nikageuza majina, la mwisho likawa la kwanza, akatokea. Kadi ya mpiga kura ikikufikia kwa posta, isome herufi kwa herufi siku hiyohiyo, na ukiona kosa, lirekebishe mapema.

Kura yenyewe unachagua kwenye skrini ya mashine; ukimaliza, inachapa karatasi. Bado hujapiga kura mpaka uiingize kwenye mashine ya kusoma karibu na mlango. Kuna watu wametoka nayo mkononi wakidhani ni risiti.

Siku yenyewe milango hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa moja jioni. Ukiwa umeshafika kwenye foleni saa hiyo, utapiga kura hata ikifika saa tatu usiku. Ukiambiwa muda umekwisha, baki palepale, umwite msimamizi wa kituo.