Kabla hujapanda bumu lifti, hakikisha wa chini anajua kukushusha

Watu wakiniuliza kuhusu usalama kwenye bumu lifti (ile mashine yenye mkono mrefu, yaani bumu, unaomnyanyua mtu kwenye kikapu afanye kazi za juu) wanategemea nianze na helmeti na mkanda, sawa tutafika huko, ila mi opereta yeyote ninayefanya naye kazi namuuliza kwanza swali moja: ukiishiwa nguvu ukiwa juu, nani atakushusha? Akianza kugeuza shingo kutafuta mtu ujue hapo hakuna mpango, na mpaka huyo mtu apatikane kikapu hakitoki chini.

Hizi mashine, iwe bumu au siza lifti (ile inayopanda wima kwa vyuma vinavyokunjuka kama mkasi), zina paneli mbili za kuiendeshea. Moja iko kwenye kikapu na nyingine iko chini kwenye bodi ya mashine, na ya chini ndo yenye nguvu zaidi, ukigeuza ufunguo kwenda upande wa chini ya juu haifanyi kazi tena. Zaidi ya hapo kuna njia ya dharura ya kushusha hata injini ikizimika, kwenye nyingine ni pampu ndogo inayotumia betri, kwenye nyingine ni vali ya kuvuta au kuzungusha kwa mkono, inategemea na aliyeitengeneza na ndo maana kile kitabu cha mashine kinatakiwa kikae kwenye mashine, sio kwenye droo ya ofisi. Sasa saiti nyingi nilizopita, mtu wa chini kapewa vesti na filimbi azuie watu wasipite, basi. Ule mfuniko wa paneli hajawahi hata kuufungua.

Kuna saiti moja mashine ilizima jamaa akiwa juu na jua limechachamaa, mafuta yameisha tu, hakuna kilichoharibika. Lakini msaidizi wa chini alikuwa kachomoa ufunguo eti watu wasichezee mashine, kaondoka nao mfukoni kwenda kufuata vifaa. Jamaa alikaa kule anaungua mpaka ufunguo uliporudi. Siku ile ilikuwa kero tu na watu walicheka, ila fikiria angekuwa amedondoka humo kwenye kikapu kwa presha au kisukari. Kwa hiyo kwangu mtu akiwa juu ufunguo unabaki kwenye mashine na msaidizi anabaki kwenye mashine, kama anataka kwenda popote opereta anashuka kwanza. Na asubuhi ile testi ya paneli ya chini simfanyii mimi, namwachia aifanye mwenyewe kikapu kikiwa kitupu, anyanyue, azungushe, akunje, alafu azime injini ashushe kwa njia ya dharura. Akishafanya kwa mkono wake hasahau.

Kwa nini nalikazania hili kuliko mengine? Kwa sababu ya kubanwa. Opereta anarudi nyuma au anapanda juu macho yake yapo kwenye kazi, haoni boriti iliyo nyuma ya kichwa au mgongo, inamsukuma anainamia paneli, kifua kinalalia joistiki (kile kishikio cha kuendeshea) na mguu bado umekanyaga pedali inayoruhusu mashine iende. Yaani mwili wake wenyewe ndo unaiamrisha mashine iendelee kumbana. Hawezi kupiga kelele maana hawezi kuvuta pumzi, na hapo muda uliopo ni wa dakika chache sana. Wa chini ambaye ndo kwanza anatafuta kitufe kipi ni kipi hatamsaidia. Mashine nyingi za sasa zina kinga ya ziada juu ya paneli, kama waya au fremu inayozima mashine ukiigusa kwa kifua, kama unakodisha iulizie. Ukiwa karibu na dari au boriti tumia spidi ndogo kabisa, angalia unakoenda kabla hujagusa chochote, na ile tabia ya kuweka tofali juu ya pedali ili mguu upumzike naomba nisiione.

Kitu kingine kinachobana watu ni mwelekeo. Ukizungusha bumu mpaka likawa upande wa pili wa chasisi, kusukuma joistiki mbele kunaipeleka mashine kinyume na ulivyotegemea. Kuna mishale yenye rangi kwenye chasisi na kwenye paneli, linganisha rangi kwanza ndo uendeshe. Wazoefu ndo wanaoruka hii hatua.

Kuna hali moja tu ambayo wa chini hatakiwi kukimbilia paneli, nayo ni mashine ikigusa waya wa umeme. Akiigusa tu huku kasimama ardhini, umeme unapita kwake. Akae mbali, azuie wengine, apige simu umeme ukatwe, na wewe uliye juu usishuke mpaka wenye laini wathibitishe imekatwa. Kanuni za OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, zinataka angalau futi 10, kama mita 3, kutoka kwenye laini za mpaka kilovolti 50, na umbali unaongezeka voltiji ikipanda. Hapo hesabu na bati au bomba ulilobeba mkononi, sio kikapu tu.

Ardhi. Tembea kwa miguu njia yote mashine itakayopita, kabla hujawasha. Natafuta mifuniko ya chemba, mtaro uliofukiwa juzi (udongo wake rangi huwa tofauti kidogo na wa pembeni), zege ambalo halijakomaa, ukingo wa shimo. Bumu la kufika mita 18 linaweza kuwa na tani 10 na zaidi, na likinyooshwa upande mmoja tairi la upande huo linabeba mzigo mkubwa sana. Alamu ya kuinama inakuambia mashine imeinama, haijui kwamba chini yako kuna shimo. Ikilia ukiwa juu usiendeshe. Kama kikapu kiko upande wa mteremko unakoshukia, vuta bumu ndani kwanza alafu shusha, kama kiko upande wa kupanda shusha kwanza alafu vuta ndani. Wengi wanashusha tu bila kuangalia, na ukishusha bumu lililonyooka kuelekea mteremkoni linazidi kwenda mbali na mashine.

Haya, mkanda. Kwenye bumu unavaa, hamna mjadala, kwa sababu tairi likidumbukia kwenye kashimo kadogo huku chini, ncha ya bumu kule juu inaruka na kikapu kinakurusha kama manati. Kinachotakiwa ni mkanda wa mwili mzima na kamba fupi inayokuzuia usitoke kwenye kikapu kabisa, ikafungwa kwenye pointi iliyowekwa na mtengenezaji, sio kwenye bomba la ukingo na wala sio kwenye jengo, maana mashine ikisogea wewe utabaki umefungwa ukutani. Kamba ndefu inayokuacha uanguke mita kadhaa ndo ikukamate haina faida hapo, na ukiwa chini kidogo utafika ardhini kabla haijakaza. Siza lifti inategemea zaidi zile kingo zake, kwa hiyo fuata kitabu chake na usipande juu ya bomba la ukingo wala kuweka ngazi ndani.

Upepo soma kwenye kibao cha mashine. Nyingi za nje mwisho ni mita 12.5 kwa sekunde, kama kilomita 45 kwa saa, na kuna za ndani tu ambazo hazikubali upepo wowote. Huku chini unaweza kuona kumetulia kumbe juu kunavuma. Bango au karatasi ya bati mkononi inakuwa tanga, na ukilifunga kwenye kingo ndo umeharibu kabisa. Uzito nao ni watu pamoja na vifaa, sio watu tu.

Ukaguzi wa asubuhi haumalizi hata nusu saa: matairi, pini, geti la kikapu, honi, vitufe vyekundu vya kuzima kwa dharura vyote viwili, mafuta ya haidroliki. Ukiona paipu inavuja usipapase kwa kidole kutafuta tundu, ule mvuke mwembamba una presha ya kupenya ngozi mpaka ndani na kidonda chake kwa nje huonekana kama umechomwa na sindano tu. Zima, toa presha, na kama lazima utafute pitisha kipande cha kadibodi. Ikitokea imempata mtu, apelekwe hospitali muda huohuo hata kama anasema hasikii maumivu.